Nilivyoifuta iPhone yangu mwenyewe msibani Kigwa, ndipo nikajua kwa nini kaka yangu haachi Android

Wakubwa wa jukwaa shikamooni, wa rika langu mambo vipi, wakuu wote nawasalimu kutoka Tabora mjini.

Nyuzi za Android na iPhone nimezisoma humu miaka mingi, na nyingi nimechangia kwa dharau. Wapo humu niliowaita "team kuganda", na leo nawaomba radhi.

Ninachoandika ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi hata punje, kaka yangu yumo humu, ataniumbua kabla hamjafika comment ya tatu.

Kaeni vizuri, ni ndefu kidogo.

Mimi nina kiduka cha stationery jirani na stesheni. Photocopy, kuprinti, passport size, kujaziana fomu. iPhone nilianza kutumia nikiwa Dar, niliuziwa used na jamaa wa Kariakoo, na tangu siku hiyo sikugeuka nyuma.

Mtu akiniuliza kwa nini, majibu nilikuwa nayo mfukoni. Kamera. Haigandi. Na usalama, hasa huo usalama. Nilikuwa napenda sana kuwaambia wateja kwamba simu yangu ikiibiwa naifuta nikiwa nimekaa kwenye kiti, mwizi anabaki na kioo cha kujitazamia.

Kulikuwa na sababu ya nne ambayo sikuwa naisema. Nilipenda ionekane nikiiweka mezani. Leo naisema, maana niliyoyapata hayaachi nafasi ya aibu ndogondogo.

Kaka yangu Mihayo yeye ni Android toka enzi. Alikuwa Usoke analima tumbaku, na simu yake ina ufa kutoka kona hadi kona, ameifunga na rubber band ili mfuniko usitoke. Siku moja nikamwambia nimtafutie iPhone used, aachane na lile kopo.

Akaniuliza, "Hiyo inaingia memori kadi?"

"Haiingii."

"Ina redio bila bando?"

"Haina."

"Nikiwa na wenzangu kwenye bani la kukaushia tumbaku naweza kuwarushia nyimbo?"

"Wakiwa na iPhone."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi kaa nayo, mdogo wangu."

Mimi moyoni nikasema huyu uwezo hana, anajifariji tu. Ndivyo nilivyoamini miaka yote. Mtu mwenye Android ni mtu anayesubiri pesa ya iPhone.

Sasa turudi nyumbani Kigwa.

Mzee wetu alikuwa mtu wa nyuki. Mashamba ya maana hakuwa nayo, alikuwa na mizinga hamsini na miwili msituni, mingi ya magome, ameitundika juu ya miti mmoja mmoja kwa miaka na miaka. Asali hiyo ndiyo iliyotusomesha, na ndiyo inayomlisha Mama mpaka leo.

Kwa wasiojua, mzinga wa msituni hauna anwani. Warina asali hawatangazi mizinga yao ilipo, kwa hofu ya kuibiwa. Ramani yote ilikuwa kichwani mwa Mzee, basi.

Mvua zilipoisha akanipigia. "Njoo nikuzungushe kabla miguu haijagoma." Mihayo alikuwa kwenye kukausha tumbaku, asingeweza kutoka. Nikafunga duka siku tatu nikaenda.

Tulizunguka kwa baiskeli, na pasipopitika tukatembea. Kila mti tulisimama. Mimi narekodi video, Mzee anataja: mti huu mkora, ukitoka korongo la pili, mzinga wa mwaka fulani, alama yetu ile pale. Nikipiga picha, simu inaweka na mahali penyewe kwenye ramani. Nilijisikia fundi kweli. Hamsini na miwili yote nikaiweka.

Siku ya mwisho tumepumzika, Mzee amekaa kwenye keria ya baiskeli, akaniona nainua simu mbele ya uso nayo inafunguka.

"Umeifanyaje hiyo?"

"Inanijua uso, Baba. Inamfungukia mwenyewe tu."

Akaitazama. "Na wewe usipokuwepo inamfungukia nani?"

"Hakuna."

"Basi ina uchoyo hiyo."

Tukacheka wote. Yake ilikuwa Android ndogo isiyo na password wala nini, utamkuta jirani anapiga nayo, mjukuu anachezea, Mama anasikiliza taarifa ya habari. Simu ya nyumba nzima.

Miezi miwili baadaye Mzee akafariki.

Mihayo akaja kutoka Usoke siku hiyohiyo. Tulikubaliana kwamba tumbaku ataiacha, atabaki Kigwa na Mama, ashike mizinga. Msimu wa kurina ulikuwa umebakiza wiki chache kuanza. Kwa hiyo mtu aliyezihitaji zile video alikuwa yeye.

Na aliziomba. Jamani, aliziomba mara tatu.

Mara ya kwanza nikamwambia nikituma kwa WhatsApp zitapungua ubora. Mara ya pili akaleta waya wake, nikamwambia hauingii kwenye yangu. Mara ya tatu akasema, "Basi nirushie hivyohivyo, hata zikiwa na ukungu, mti nitauona." Nikamjibu nitafanya utaratibu nikirudi mjini, nikaongezea kwamba angekuwa na iPhone ningemrushia zote pale pale kwa dakika moja.

Hebu fikirini. Kigwa nzima pale msibani iPhone ilikuwa moja, nayo yangu. Nilikuwa nasubiri kumrushia nani?

Siku ya tatu, mchana, watu wamekusanyika kuanua matanga. Simu niliiacha juu ya kigoda nilipokuwa nimekaa na wanaume, nikaenda kunawa mikono tule. Narudi, kigoda kipo, simu haipo.

Nikauliza kwa upole. Kimya.

Nikauliza tena. Watu wanatazama ugali. Wengine nikaona kabisa wanabana midomo wasicheke. Mzee mmoja wa upande wa mama akasema tu, "Tafuta, utaiona."

Wakuu, nilichemka. Nikajua hawa wamemwona mwizi na wanamficha. Nyumbani kwetu, kwenye matanga ya baba yangu, naibiwa halafu nafichwa!

Nikamnyang'anya Mihayo simu yake, nikaingia kwenye internet, nikaweka email na password yangu. Ramani ikaja. Kile kidoti changu nikakiona kiko nyumba ya nne kutoka hapo, kinatembea taratibu.

Mtu mwenye akili angeinuka akaenda nyumba ya nne. Mimi nilitaka mwizi akome. Nilikuwa nimelisema neno lile dukani mara mia, leo nimepata pa kulifanyia kazi. Nikabonyeza kufuta.

Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza nina uhakika. Ikaniambia kila kitu kitafutika. Nikakubali.

Mihayo akachungulia begani kwangu. "Unafanya nini?"

"Naifuta asipate kitu."

"Na mizinga?"

Nikabonyeza kurudi nyuma, haikurudi.

Kabla sijasema neno nikasikia vicheko barabarani, na vigelegele vya wanawake. Akaingia Mzee Shomari.

Huyu ni Mzaramo aliyeletwa Kigwa na kazi ya reli ujanani, akastaafu, akaoa, hakuondoka. Na Wazaramo kwetu Wanyamwezi ni watani, tangu enzi babu zetu wanabeba mizigo kwa miguu kwenda pwani na kurudi wakipita kwao. Mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akatukana wafiwa, akachukua chombo chako mpaka ukikomboe. Na walioona hawasemi. Kazi yao ni kukaa kimya wakuangalie unavyohangaika.

Mimi nilizaliwa hapo. Nayajua hayo toka mtoto. Miaka ya Dar na kioo cha iPhone vilinisahaulisha, nikaona mwizi.

Mzee Shomari alikuwa amevaa koti la Mzee la kurinia asali na kofia yake, anachechemea vilevile alivyokuwa anachechemea Mzee, na simu yangu iko sikioni.

"Haloo! Huko ahera! Nipeni yule Mnyamwezi aliyekuja juzi, kaniachia deni la asali!"

Watu wanalia kwa kucheka, hata Mama nilimwona anacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha Mzee Shomari akaitoa simu sikioni akaitazama, akainua juu kila mtu aone.

"Jamani, hii simu imenisalimia kwa lugha za dunia nzima. Ila mwangaluka ya Kinyamwezi haijui!"

Kioo kilikuwa cheupe, kinabadilisha salamu. Simu mpya. Haina picha, haina video, haina Mzee.

Sasa hapa nilifanya kosa la pili. Nilimrukia, nikamkamata lile koti kifuani, nikapiga kelele kwamba ameua mizinga. Vicheko vikakatika. Mtani msibani hakasirikiwi, wakuu. Ni aibu ambayo kijiji kitaihadithia. Wazee wakaniweka chini palepale wakanitoza jogoo. Kwa hiyo mtu aliyechukua simu yangu nilimkabidhi na jogoo juu, na kuomba radhi.

Najua mnauliza, backup je? Ile nafasi ya bure ilijaa miaka miwili nyuma. Kila wiki simu iliniambia imejaa, na kila wiki nikabonyeza baadaye. Nilipoiwasha upya ikanirudishia picha za zamani, pamoja na za harusi ya mtu ambaye hata jina simkumbuki. Za msituni hakuna hata moja.

Tukamweleza Mama. Alituuliza swali moja tu. "Kwa hiyo hata mti mmoja haukubaki?"

Akaingia ndani akaanza kukunja nguo za Mzee. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Nilikaa uani nikalia kama mtoto, naandika hivi bila kuona haya.

Duka nikamwachia shemeji, mimi na Mihayo tukaingia msituni kutafuta. Mzee Shomari akaja bila kuitwa, na jembe begani, akasema yeye ndiye aliyeichukua na miguu bado anayo. Nilijaribu kukumbuka. Nilidhani nakumbuka, kumbe siku zile tatu na Mzee nilikuwa natazama kioo. Miti niliiona ndani ya simu. Ukiniuliza korongo la pili liko wapi, najua tu kwamba lilikuwa kwenye video.

Siku sita tulipata mizinga tisa. Tisa katika hamsini na miwili! Na upande wa kusini tukaona moshi wa watu wanaosafisha mashamba mapya ya tumbaku, moto ukiingia huko mzinga hauponi.

Mihayo hakunisema. Alikuwa anatembea mbele tu.

Siku ya saba asubuhi tunaondoka, Mama akatuita. Simu ya Mzee betri ilikuwa imevimba, haiwaki tena. Akaifungua mwenyewe kwa ukucha, akatoa memori kadi, akampa Mihayo.

"Ina nyimbo za baba yenu. Msikae kimya huko kama mnazika tena."

Mihayo akafungua rubber band, akachomeka kadi, akafunga. Ndiyo hivyo tu. Kadi imetoka simu moja imeingia nyingine, haikuuliza uso wa mtu.

Mchana tumechoka, tunakula viazi, simu ameiweka juu ya kisiki inapiga muziki wa zamani ambao Mzee alikuwa anaupenda. Nyimbo zinajichanganya zenyewe. Ukaisha wimbo mmoja wa dansi, kukawa na ukimya kidogo, halafu mtu akakohoa.

Tulimjua kwa kikohozi. Mzee Shomari aliacha kiazi mdomoni.

"Mkora, baada ya korongo la pili, mkono wa kushoto. Umejaa. Wakali."

Kisha wimbo mwingine ukaanza.

Niliinuka. Nikanyoosha mkono kuichukua simu nirudishe nyuma, Mihayo akaruka. "Usiguse! Wewe usiguse kitu!" Na hata katika hali ile Mzee Shomari akacheka.

Mihayo akaingia mwenyewe kwenye mafaili. Wakuu, Mzee wetu kuandika alikuwa hawezi vizuri. Kumbe kila akipanda mti, kwa miaka, alikuwa anabonyeza kinasa sauti cha simu yake na kujisemea mambo mawili matatu. Mzinga upi, uko wapi, una hali gani. Yalikuwa yamelala kwenye kadi pamoja na muziki, na pale nyumbani kila mtu aliyaona akadhani ni vipande vya redio.

Hatukutafuta tena, tulifuata. Tunasikiliza, tunatembea, tunafika, mzinga upo na alama yetu. Mzee Shomari akawa anamjibu marehemu kwa sauti, anamwambia punguza mbio Mnyamwezi, hata ukiwa umekufa unatukimbiza. Jumla tulifikisha arobaini na minne. Minane hatukuipata, nadhani mingine imeshika moto. Mama amepata asali mwaka huu.

Ila nisiwafiche kilichoniua kabisa.

Kuna rekodi moja ndefu, ya mwisho. Tuliifikia jioni tumeshaona nyumba. Ni ya siku ileile tuliyotoka msituni mimi na yeye. Mimi nilikuwa nimeshapanda gari kurudi mjini na simu yangu nzuri, nimejaa fahari. Yeye akakaa peke yake akasema hivi, nayaandika kama yalivyo:

"Leo nimemaliza kumzungusha huyu wa mjini. Ameweka yote. Simu yake nzuri, inaona mpaka nyuki. Ila inafungukia uso mmoja, na uso wenyewe hauishi hapa. Kwa hiyo nasema tena kwenye hii. Mihayo, ukisikia, anza na mkora wa darajani."

Halafu akaitaja mizinga tena. Yote aliyoikumbuka, mmoja mmoja, mpaka sauti ikachoka.

Mihayo alikaa chini barabarani. Mimi nilishindwa kumtazama.

Sasa somo, maana uzi bila somo mtaniponda.

Sijahama. Bado natumia iPhone, msinishangae. Kamera yake bado naipenda na kwa kazi yangu inanifaa. Simu haikukosea chochote, ilifanya nilichoiambia na ikaniuliza mara mbili. Mwenye kosa ni mimi.

Lakini lile swali la kwa nini fulani anapenda Android, sitalijibu tena kwa dharau. Nilidhani Mihayo hana uwezo. Kumbe mtu anachagua simu kwa kufuata watu wake. Anachokipata anataka kimfikie mwenzake palepale, kwenye bani, kwenye msiba, kwa Mama. Mimi nilichagua simu ya kunifungia, na ikanifungia vizuri sana.

Ile kadi tumeinakili. Ipo kwa Mama, ipo kwa Mihayo, ipo dukani kwangu, na ipo kwa Mzee Shomari, ambaye amesema akikosa jogoo mwingine ataifuta.

Karibuni mseme lolote. Hata matusi nayapokea, watani wa Kizaramo ruhusa mnayo. Mihayo, nimeongeza chumvi wapi?

Ila kabla hujaandika, nijibu hili kwanza. Wewe usipokuwepo, simu yako inamfungukia nani?